Mwongozo wa Mpanda Maua Mgeni, Mji wa Kale

Ikiwa umehamia Mombasa kutoka bara, au umerudi kutoka Ghuba na pesa kidogo na hamu kubwa ya kutulia, kuna siku utasimama kwenye roshani ya nyumba uliyopanga Kibokoni, utazame mabati ya jirani, nyaya za stima na kanzu zilizoanikwa, kisha ujiambie: hapa pangependeza na maua. Usiogope. Wazo hilo huwapata wengi. Kaa kitako, agiza kahawa na kashata, huenda likapita. Lisipopita, soma yafuatayo.

Kwanza tupa kalenda. Majarida ya bustani ya Ulaya yatakwambia kwamba Julai ndiyo wakati wa kuiacha nje mimea ya nchi za joto: hibiskusi, bogonvilia, asumini ya chunguni. Ikaote jua mpaka Septemba, halafu irudishwe ndani taratibu kama mgonjwa. Julai yetu ni ya kusi. Kuna rasharasha, kuna upepo wa bahari, na wazee barazani wamevaa sweta. Kiangazi chetu huja na kaskazi, Disemba hadi Machi, na ikifika Februari hata ukuta hutoka jasho. Mimea hiyohiyo inayobebwa kama yai huko kwao, hapa hulala nje mwaka mzima, na mbuzi wa mtaa huijua kwa ladha.

Pili, usinunue jembe. Kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe lililopakwa udongo kama mkate uliopakwa siagi na mtu bahili. Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 waliukuta mwamba umekuwa msingi tayari, wakafurahi. Lililowafurahisha wao litakuvunja mkono wewe. Ukitaka kujua jiwe hili linavyomfanyia mtu mwenye elimu yake, vuka Nyali uende Bamburi. Huko, mwaka 1971, Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa peupe kama mfupa. Alijaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu: mvinje, mnazi, na mti mmoja mkavu wa pande za Somalia. Hata mvinje uliposhika, majani yake yakawa yanaanguka tu na kurundikana bila kuoza, mpaka Haller akaleta majongoo wenye miguu myekundu, nao wakayatafuna na kuyageuza udongo. Leo pale pana msitu na viboko. Lakini zingatia: bingwa mwenye kiwanda nyuma yake alihitaji jongoo. Wewe una mche mmoja ulioununua kando ya barabara na mfuko wa samadi ulioufungia kwenye buti ya tuktuk.

Ndiyo maana wenyeji hupanda kwenye makopo. Debe la samli, ndoo ya rangi iliyopasuka, karai lililotoka mpini, sufuria iliyochoka kupika pilau: haya ndiyo mashamba ya Mji wa Kale. Mgeni hupenda vyungu vya kufinyangwa vyenye nakshi, na sina ugomvi navyo, ila vikianguka kutoka ghorofa ya pili kwenye ndia ya futi sita, hutafutiwa mwenyewe. Toboa kopo chini. Wala usiweke kisahani cha kudakia maji, hata kama muuza miche amekupa bure. Yule mbu mwenye mistari myeupe miguuni hapendi mtaro mchafu. Apenda maji yako safi yaliyotulia, na huuma mchana kweupe. Homa ya dengi ilipoipiga Mombasa mwaka 2013 na 2014, kisha chikungunya ikaja mwisho wa 2017 na kuendelea 2018, tulikaguliwa mapipa, matairi na vyungu vya maua. Kuna watu walitembea wamepinda kama herufi kwa miezi, na viungo vikiwauma kila asubuhi, kwa ajili ya kisahani.

Maji ya kumwagilia ni habari nyingine. Ya bomba hutoka mbali, mengine chemchemi ya Mzima kule Tsavo, na yakifika kisiwani huwa yamechoka. Hutoka leo, kesho yakapumzika. Ya visima vya mtaa yako karibu, lakini onja kwanza. Ukihisi unaonja machozi, basi waridi lako litakufa kabla hujamaliza kulipiga picha. Basi utanunua mitungi kwa mwenye mkokoteni, na hapo utajipima mapenzi: maji matamu ya lita ishirini, yaende kwenye chai au yaende kwenye ua? Mwenye kujibu haraka ni mwongo.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe. Mgeni mwenye busara, asiyetaka kuzungumza na mtu, apande bogonvilia. Haina harufu, haiombwi, na hupenda kunyimwa maji. Ukiibembeleza huota majani matupu, ukiitupa kwenye jua na kuisahau hulipuka rangi. Hata hayo unayoyaita maua si maua, ni majani yaliyojipaka rangi kuzunguka kiua kidogo cheupe katikati. Tabia hiyo ya kujigeuza inaifaa. Wazungu waliichukua Brazili mwaka 1767, katika safari ya manahodha wa Kifaransa ya kuizunguka dunia, na aliyekuwa akimsaidia mtaalamu wa mimea wa safari ile, Commerson, alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifunga kifua na kuvaa suruali akapita kwa mwanamume. Ua likapewa jina la mkuu wa msafara, Bougainville. La Baret halikutajwa. Mabibi zangu wa Mkanyageni wangelimaliza shauri hilo kwa sentensi moja, tena kwa sauti.

Kasoro ya bogonvilia ni miiba. Ndia zetu hazikuchorwa kwa ajili ya mti unaotanua mikono. Ile yangu ya kwanza ilishuka mpaka kimo cha bega, na siku moja baada ya magharibi ikashika buibui la mama mmoja aliyekuwa akienda arubaini ya marehemu. Buibui jipya. Nilimsikia akiiuliza nyumba yangu, “Wewe, una makucha?” Nikanyamaza ndani kama simo. Kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya ngazi na mkasi, na mtaa mzima umekaa barazani kunitazama, wakinielekeza tawi lipi na tawi lipi.

Mkrismasi usijaribu. Ulitoka Madagaska kwa uzuri wake, Novemba na Disemba huwaka mwekundu kama moto wa kifuu, lakini unataka uwanja na wewe una roshani. Mfranjipani una desturi ya kuvua majani yote wakati wa kiangazi ukabaki vidole vitupu, na wazee watakuuliza mbona umepanda mti wa makaburini. Mlangilangi ni mti mkubwa, Wangazija wameutajirikia kwa kuukamua mafuta. Mmoja unatosha mtaa, miwili huleta kichwa. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chupa, ni la kwetu hasa na halijali chumvi wala kiu. Utomvu wake watu wa kale walipaka mishale. Mwenye watoto wadogo aliweke juu.

Mbona sijataja asumini? Nilikuwa nakuchelewesha, kwa sababu ukishaipanda hiyo huwezi kurudi nyuma.

Mgeni hupanda maua ya kutazamwa. Hapo ndipo anapopotea, wala si kosa lake, ndivyo alivyofunzwa na picha. Mombasa ua ni la pua. Haliulizwi rangi, lanusiwa kwanza. Na ua la pua halikai juu ya mti: lina nywele za kwenda, lina kifua cha kwenda, lina mto wa kulalia. Kuna kikuba, kile kifungu kidogo anachokichomeka mwanamke kwenye nguo au nywele: mrehani ndio kitako chake, juu yake asumini, petali za waridi, vipande vya mkadi vilivyokatwakatwa, na akijaaliwa aliyekifunga, kilua kimoja cha manjano katikati. Mkilua wenyewe ni mti wa pwani yetu. Bernard Verdcourt alipouandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1970, jenasi nzima aliipa jina aliloukuta nalo: Mkilua fragrans. Kwa hiyo kuna Kilatini kimoja duniani ambacho bibi yangu alikuwa akikisema bila kwenda shule.

Asumini yataka jua la asubuhi, samadi ya mbuzi, maji matamu, na kukatwa. Kukatwa ndiko mgeni anakoogopa. Huota vitumba kwenye matawi mapya, basi usipoipogoa itakuwa mzabibu wa bure, mrefu na mkavu. Kata kabla ya mvua za masika, kata tena kabla ya vuli. Vitumba hujaa kiasi cha saa tisa mchana, vimevimba, vyeupe, vimefunga. Vichume hapo, baada ya sala ya alasiri, kabla jua halijazama. Ukivitunga kwenye uzi na kuvifunika kwa kitambaa kibichi, vitafunguka vyenyewe usiku, kwenye kichwa cha mtu. Ukivichelewesha vitafunguka mtini, na asubuhi utavikuta sakafuni, rangi ya chai.

Umeelewa nilichosema? Asumini iliyotunzwa vizuri haichanui kwako. Wewe wamwagilia, wapogoa, wanunua maji ya mkokoteni, na ua lafunguka nyumba ya tatu kutoka hapo, kwenye ngoma ya kina mama usiyoalikwa. Kopo lililojaa maua meupe yaliyochanua saa tatu za usiku, ambalo mgeni angelipiga picha awatumie wenzake, mtaani kwetu huulizwa: huyu hana jamaa?

Hodi itaanza wiki ya kwanza. Watoto hujua kitumba kabla hujakiona. Mlango utagongwa na mtoto wa miaka saba mwenye bakuli la plastiki.

“Shikamoo, ami. Mama asema, asumini, kama zimesaza.”

Neno ni hilo, kama zimesaza, nalo lina adabu kubwa kwani halikulazimishi chochote, na wewe utajidanganya kuwa una hiari. Usiulize mama yake ni nani. Usiulize ni za shughuli gani. Ikiwa ni harusi utajua kwa ukubwa wa bakuli. Usihesabu. Na usije ukamtajia bei. Kuna wanaouza, tena ni kazi ya halali: jioni utawakuta na nyuzi zao kwenye sinia, na siku za Idi na misimu ya harusi bei hupanda kama ya nyanya. Lakini muuzaji huuza kwa mpita njia. Jirani hauziwi. Nilimwona mgeni mmoja, mtu mwema, mhasibu, aliyempa mtoto karatasi iliyoandikwa gharama za maji na mbolea akampelekee mamake. Karatasi ile ilisomwa nyumba nyingi. Alihama mwaka uleule, nafikiri kwa sababu nyingine.

Malipo yapo, ila hayaji kwa njia uliyotolea. Utaletewa sahani ya mahamri huna habari. Ukiwa na homa, uji wa pilipili manga utapanda ngazi. Ukichelewa kurudi usiku, dirisha la juu litafunguka kidogo na kufungwa, na utajua umehesabiwa. Mrehani wako utachumwa ncha bila kuulizwa na mpita njia, na hilo pia ni fadhila, maana usipochumwa ncha hutoa mbegu na kufa mapema.

Onyo moja la mwisho, nalo ni la usiku. Utaambiwa kwamba harufu tamu gizani huita majini, na kwamba usisimame chini ya asumini na nywele wazi baada ya magharibi. Mimi nywele sina, kwa hivyo sijui. Ninalolijua ni paka. Watalala ndani ya kopo lako, juu ya mche hasa, kwa sababu udongo uliomwagiwa maji ndio mahali pa baridi kuliko pote Mombasa mwezi wa Februari. Chomeka miti ya mishikaki iliyokwishatumika, ncha juu. Paka atakutazama kama amesalitiwa, kisha atahamia kopo la pili.

Mwaka mmoja wa kaskazi, majirani wangu wa mbele walisafiri Lamu wiki nzima, wa nyumba ya tatu walikuwa na msiba Kisauni, na hakuna aliyegonga. Siku mbili za mwanzo nilistarehe. Siku ya tatu nilitoka roshanini baada ya isha nikakuta makopo yote manne yamechanua, meupe mpaka chini, na harufu imejaa ndia kama mtu amemwaga mrashi. Nikakaa nikiyatazama. Yalikuwa mazuri, siwezi kukataa. Asubuhi nikafagia.

Bibi wa chini alikuwa mlangoni kwake, na tasbihi.

“Usiku kulinukia kwako,” akasema. “Kwema?”

Nikamwambia kwema. Alasiri ile nilichuma mwenyewe, nikayatia kwenye bakuli, nikateremka ngazi, nikasimama mlangoni pake nikapiga hodi.