Hana Dini, Ana Simba
Kijana mmoja wa Maili Moja, Kibaha, hana dini, ana maoni. Kuhusu sayari ya Zuhura, bei ya mihogo, popo wa mapango ya Pugu. Shangazi zake wa Kisarawe humsikiliza kwa adabu, kisha: “Sasa mwanangu, ukifa tukuzike vipi?” Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu, na Ibara ya 19 ya Katiba inamlinda, lakini habari hizo hazijafika Kisarawe. Yeye hudai ushahidi wa kila jambo (pilau ya Maulidi na ya Krismasi huila bila ushahidi). Ila Simba ikikutana na Yanga, huketi kiti kilekile, na jezi ya ushindi haifuliwi, ni mkosi.