Handaki Lisilo na Paa

Huko Las Vegas, Marekani, kampuni ya Elon Musk ilichimba mahandaki ya kupitishia magari ya umeme, ikayafungua 2021. Ni membamba, gari moja tu kwa upana. Januari 2022, siku za maonyesho ya teknolojia, magari yakakwama humo. Foleni chini ya ardhi! Watu wakauliza: betri ikishika moto, abiria atatokea wapi?

Sisi wa Ihanda, kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa Tanzania na Zambia, hatuna haja ya kuchimba. Malori ya Zambia na Kongo yakijipanga kuelekea forodha ya Tunduma, lori la mafuta nyuma ya lori la mafuta, handaki tayari, tena bila paa. Zimamoto wakiitwa, nao washike foleni. Mlango wa dharura? Upo: shamba la kahawa la jirani, ukiweza kuruka mtaro na mzigo wako kichwani.

Halafu wenzetu hufundishwa kukimbia moto. Hapa lori la mafuta likianguka, tunaulizana nani ana ndoo ya kuchotea mafuta. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, kwa ndoo hizo tulizika watu zaidi ya 100.

Wataalamu wa mahandaki wakitaka kuja kujifunza, wawahi alfajiri. Mchana hawapiti.