Chokaa ya Mjomba

Nyumba ya bibi ipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, ujenzi uleule wa magofu ya Kaole yaliyo kilomita chache kusini, ambako kuna msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kuta za namna hii hazina ugomvi na bahari. Ugomvi ulianza siku fundi mmoja alipoletwa kuupiga ukuta wa barazani plasta ya saruji ili upendeze. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliokuwa ukipanda kutoka ardhini na kutoka zake kimyakimya ukakosa njia, ukaikusanya chumvi nyuma ya plasta, chumvi ikaganda na kusukuma, na plasta ikaanza kuwadondokea wageni mapajani.

Harusi ya binamu yetu ilipokaribia, wazee wakakaa, wakaamua: saruji ibanduliwe, ukuta urudishiwe chokaa yake. Mjomba akajitolea kusimamia. Mjomba akijitolea, kwetu watu husema "Inshallah" kwa sauti ya chini.

Bibi alikuwa anakwenda Mlingotini kwenye hitima. Kabla ya kupanda bajaji alimwita mwanawe.

"Chokaa ununue iliyokwisha kuzimwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na maji usimwage juu yake."

"Ndiyo, Mama."

Mjomba alinunua mabonge makavu kutoka tanurini, kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu.

Sasa, ili balaa lieleweke, inabidi tuingie kidogo tanurini. Tangu zamani watu wa pwani hupanga magogo, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakawasha moto. (Kazi hiyo imeila mikoko na matumbawe yetu kiasi cha kutosha, nami siisifii.) Jiwe la matumbawe karibu lote ni kalsiamu kabonati. Likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, linavunjika kuwa vitu viwili: oksidi ya kalsiamu, ambayo ndiyo mabonge meupe ya Mjomba, na kaboni dayoksaidi, inayopaa na moshi bila kuaga. Katika daftari la shule huandikwa hivi: CaCO3 → CaO + CO2. Kila kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimekwenda hewani. Mjomba alipoinua gunia akaliona jepesi, aliapa kwamba muuzaji amemwibia. Muuzaji wa watu hakuwa na kosa. Mwaka 1756 mwanasayansi wa Uskochi, Joseph Black, alichapisha majaribio yake juu ya jambo hilihili: alipima uzito kabla na baada ya kuchoma, akaonyesha kwamba kilichopungua ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu chenyewe.

Alasiri hiyo Mjomba aliyatia mabonge kwenye ndoo ya plastiki, akavaa miwani yake ya jua, akamimina maji juu.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Mjomba akanitazama kwa dharau, mimi niliyekuwa nimemkumbusha maneno ya bibi. Kisha bonge moja likapasuka. La pili likapasuka. Ndoo ikaanza kuunguruma na kutoa mvuke, uji mweupe ukaruka hadi kwenye boriti, na ubavu wa ndoo ukalegea, ukainama, ukalala sakafuni. Kuku walihama uwanja.

Oksidi ya kalsiamu ikikutana na maji haiyeyuki tu kama sukari kwenye chai. Inaungana nayo na kuwa kitu kingine, hidroksidi ya kalsiamu, na katika kuungana huko hutoa joto jingi, mara nyingine la kuchemsha maji yenyewe. Lile joto lililoingia tanurini kulivunja jiwe, sehemu yake inalipwa hapa. Ndiyo maana wajuzi hutanguliza maji mengi, ndipo wanatia chokaa kidogo kidogo, ili maji yalimeze joto. Ukimwaga maji machache juu ya rundo la chokaa, joto hukosa pa kwenda, likarusha kila kilicho karibu. Ile miwani ya jua aliyoivaa kwa mbwembwe ndiyo iliyoyaokoa macho ya Mjomba. Mkono wake haukuwa na miwani.

Aliyemkimbiza bombani ni mdogo wetu wa Kidato cha Pili, aliyekuwa likizo kutoka bweni. Alimshikilia mkono chini ya maji, akakataa kuuachia licha ya Mjomba kudai kwamba amekwisha kupona. Wakati huo uji wa chokaa ulikuwa unatambaa kuelekea chumba cha maharusi. Mjomba, kwa mkono wake mzima, akaamuru uzolewe kwa makoleo na kutiwa kwenye chombo chochote kikubwa kilicho karibu.

Chombo kikubwa kilichokuwa karibu ni sufuria ya pilau ya bibi.

Wale waliokulia pwani wanajua uzito wa sentensi hiyo. Sufuria ile imepika harusi za wajomba wote, ikiwemo ndoa mbili za Mjomba mwenyewe. Ni ya alumini. Alumini hujilinda hewani kwa kuvaa ngozi nyembamba sana ya oksidi yake, kiasi kwamba haiozi kwa kutu kama chuma. Lakini chokaa iliyozimwa ni alkali kali, na alkali kali huivua ngozi hiyo. Alumini ikibaki uchi, inamenyuka na alkali pamoja na maji, na gesi ya haidrojeni inatoka. Chokaa ikiwa moto, kazi huenda mbio zaidi, maana chembe zenye joto hugongana mara nyingi na kwa nguvu kubwa.

Sufuria ikaanza kuchemka bila jiko. Mapovu madogomadogo yalipanda kutoka ubavuni na kitakoni, yakifoka taratibu. Mjomba akaisogelea kuchungulia, sigara mdomoni.

"Mjomba, zima sigara! Hiyo ni haidrojeni!"

Sijapata kumwona mtoto akimpigia mkubwa wake kelele namna ile nyumbani kwetu, wala mkubwa akitii upesi vile. Maabara ya shule huitambua haidrojeni kwa kuisogezea kijiti kinachowaka, ikiwa kwenye mrija mdogo hulia "pa!" na watoto hucheka. Kwenye sufuria ya kulisha watu mia hakuna aliyetaka kusikia italiaje. Tuliimwaga ile chokaa shimoni uani. Ndani ya sufuria pakabaki madoa meusi na vishimo, na vishimo hivyo havisuguliki, kwa sababu alumini iliyokuwa pale imekwenda kuwa kitu kingine ndani ya ule uji. Mjomba alisugua kwa mchanga hadi magharibi.

Kisha akageukia sakafu. Barazani kwa bibi kuna terazo ya zamani, yenye vipande vya marumaru, inayong'aa hadi mtu huogopa kuikanyaga na viatu. Matone ya chokaa yalikuwa yameikaukia. Mjomba alikuwa amesikia kwamba siki huondoa chokaa, na kweli huondoa. Alimwaga chupa nzima, akaongeza na ndimu. Povu likapanda, matone yakapotea, Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Povu halikukoma. Asidi haina macho: ikimaliza chokaa ya kwenye tone, inaendelea na kalsiamu kabonati ya kwenye marumaru. Mng'ao uliondoka pamoja na uchafu, na barazani pakabaki ramani pana iliyopauka, ambayo binamu mmoja alisema inafanana na Kisiwa cha Mafia.

Bibi alirudi kesho yake asubuhi. Tulimwamkia, akaitikia "Marahaba" huku anatazama boriti, kisha sakafu, kisha jikoni. Hakugomba. Aliketi mkekani, akafungua kijaluba chake, akapaka chokaa kidogo sana kwenye jani la tambuu, akamwita Mjomba.

"Hii naila kila siku. Unajua kwa nini hainichomi?"

"Kwa sababu ni kidogo, Mama."

"Kwa sababu imezimwa na aliyekuwa na subira. Na hata hiyo, nikizidisha, inanikata ulimi. Nenda kachote ile ya shimoni."

Chokaa iliyolala shimoni na maji usiku kucha ilikuwa imetulia na kulainika. Bibi akaagiza ichujwe na kuzimuliwa iwe nyepesi kama maziwa, ukuta uloweshwe kwanza, na kila mkono upakwe mwembamba. Mjomba alipaka mkono wa kwanza, akarudi nyuma kutazama, asione kitu. Chokaa mbichi ikiwa majimaji hupitisha mwanga. Ukuta huonekana kama umepakwa maji machafu. Bibi akiwa msalani, Mjomba akaongeza mkono wa pili bila kusubiri, kisha wa tatu, kisha akaacha kuzimua kabisa. Kulipokucha ukuta uliwaka mweupe hadi ukiutazama machozi yanakutoka. Mahali alipopaka mzito palikuwa na nyufa, na unga uliojifuta kwenye kila bega lililopita.

Adhuhuri ile mdogo wetu alimwomba bibi kijiko cha chokaa, akakikoroga kwenye glasi ya maji, akaacha itulie, akamimina yale maji maangavu ya juu kwenye glasi nyingine. Akachukua mrija wa soda, akapulizia pumzi ndani. Maji yakawa na ukungu, kisha meupe. Kaboni dayoksaidi ya pumzi yake ilikuwa imekutana na chokaa, na ule weupe ulikuwa jiwe, kalsiamu kabonati, ileile ya matumbawe. Ukutani ndivyo inavyokwenda pia, polepole, kwa hewa ya kawaida na unyevu kidogo. Aliandika hesabu yake nyuma ya kadi ya mwaliko iliyoharibika: chokaa kavu 56 na maji 18 ni 74, ongeza 44 za hewa, toa maji 18 yanayokauka, unapata 100 za jiwe. Zile 44 ambazo Mjomba alidai zimeibwa zinarudi zenyewe, bure, ukuta ukipewa muda.

Kitabu chake cha kemia kinaanza na utepe wa magnesiamu, kitu ambacho hajapata kukiona. Kwa maoni yangu kingeanzia hapo barazani. Atomu zilezile za kalsiamu zilikuwa baharini, zikapita tanurini na shimoni, na sasa ziko ukutani. Kilichobadilika kila mara ni zimeshikana na nani. Bibi aliitazama ile glasi, akasema baba yake alikuwa anajua hayo yote isipokuwa hesabu.

Pilau ya harusi ilipikwa kwenye sufuria ya kuazima. Mpya imenunuliwa na Mjomba kwa awamu.

Nawe ukiwa na chokaa nyumbani, tanguliza maji ndipo utie chokaa, tumia pipa la chuma na si alumini wala plastiki, na uvae miwani hata kama watakucheka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali bila kungoja uone itakuwaje. Na ukipata mwaliko wa Bagamoyo, karibu sana, ila usiuegemee ukuta wetu wa barazani ukiwa umevaa baibui jeusi.