Namna ya Kuichambua Albamu ya Singeli Bila Kuisikiliza

Desemba hiyo inakuja. Utapanda basi Dar alfajiri, utashuka Mwanga jua limeshaanza kuinama, utabanana kwenye gari la kwenda juu, na kona zikiisha utajikuta Shighatini, wewe na ukungu na jamaa zako. Kabla hujamaliza sahani ya kwanza ya makande, mtu mmoja atajifuta mdomo akuulize: "Wewe uliyeko mjini, hii singeli tunayoambiwa imefika mpaka Ulaya, unaionaje?"

Tulia. Swali hilo halihusu muziki. Anachotaka kujua ni kama hiyo miaka yako ya mjini imezaa kitu zaidi ya mashati. Mtu mwenye haya angesema, "Kwa kweli sijaisikiliza vizuri." Mimi na wewe hatuna nafasi ya haya. Sogea karibu.

Hatua ya 1. Shika albamu moja

Usiichambue singeli yote kwa mkupuo. Hilo hata dereva wa daladala analiweza. Shika albamu moja, yenye jina, mwaka na harufu ya ng'ambo. Mimi nakupa Sounds of Sisso, ya mwaka 2017. Imeumbwa kwa ajili ya mvivu. Waliomo ni vijana waliokuwa wakirekodi kwenye studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Walioitoa wako Kampala. Waliopagawa nayo wako Ulaya, na wengi wao hawajui Mburahati iko upande gani wa Manzese. Kariri basi: Sisso, Mburahati, 2017. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na bado unaambiwa uijue kwa kichwa; haya ni mambo matatu tu.

Ila jihadhari na jina la kampuni. Inaitwa Nyege Nyege Tapes. Wenyewe hueleza kwamba huko Uganda maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayompata mtu asijizuie. Kwa Kiswahili chetu maana unaijua, na shangazi yako naye anaijua. Huku juu wamisionari wa Leipzig waliacha kanisa, kwaya na wazee wa kanisa wenye masikio makali. Sema tu "kampuni moja ya Kampala", kisha nywa chai. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku tamasha lao la Jinja, halafu akalegeza. Shangazi halegezi.

Hatua ya 2. Soma jalada, liache lifanye kazi

Wasanii wa singeli wametuonea huruma sisi tusiosikiliza. Wametupa majina yanayojichambua yenyewe. Jay Mitta ana albamu iitwayo Tatizo Pesa. Hapo una nini cha kuongeza? Taja jina, tikisa kichwa taratibu, tazama mbali kule Ziwa Jipe linakomeremeta. Kila aliyepo atakubaliana nawe, na wawili watakumbuka deni la mbolea.

Duke alitoa Uingizaji Hewa mwaka 2019. Hilo nalo ni bure kabisa: sema, "Kijana anatuambia tumekaa kwenye chumba kimoja muda mrefu mno." Usiseme chumba gani. Bamba Pana ana Poaa, ya 2018. Hapo sema tu "poaa", lakini uivute ile a ya mwisho kama mtu aliyewahi kuwepo. DJ Travella alikuja na Mr Mixondo mwaka 2022, Sisso akarudi na Maiko mwaka 2024 na Singeli Ya Maajabu. Majina matano yanatosha. Ukitaja sita watadhani umesoma mahali.

Hatua ya 3. Tupa namba

Mtu mzima akikaa kimya moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Singeli inaanzia kama mapigo 200 na kuna nyimbo zinazosogea 300. Hiyo ni kasi ya moyo wa kuku. Namba hizi ni za kweli na ndiyo maana nakupa. Uongo mzuri hujengwa juu ya msingi wa saruji. Ukishazitaja nyamaza, mwangalie kuku anayepita uani. Watu wote watamwangalia kuku. Kwa nusu dakika utakuwa mtaalamu wa muziki na mifugo.

Kijana mjuaji akikuuliza kasi hiyo inapatikanaje, mjibu bila kumtazama: "Kompyuta." Asiporidhika, mwongezee kwamba hapo zamani ma-MC wa uswahilini walikuwa wakichana juu ya vipande vya taarab vilivyokimbizwa kuliko kawaida, kwenye vigodoro, usiku kucha, mtaa mzima ukiwa macho upende usipende. Hiyo nayo ni kweli. Ila chunga neno kigodoro likifika mbele ya wazee, maana kuna atakayeuliza kama na wewe ulikuwepo.

Hatua ya 4. Chagua upande, halafu usihame

Hapa ndipo wengi huanguka. Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Tunacheka, kisha tunauliza ng'ombe ameuzwa bei gani. Lakini hata wao hawawezi kukana kwamba kwetu maoni ni kesi, na kesi haianzwi bila kujua umesimama upande gani. Mwaka 1945 wazee wetu walipoikataa kodi ya mbiru hawakusema "kwa upande mmoja naiona nzuri, kwa upande mwingine sina hakika." Waliteremka kwa maelfu mpaka Same, wakakaa pale miezi. Na wewe kaa.

Ukitaka kuwa mzee kabla ya siku zako, chukua upande wa zamani. Sema: "Huu si muziki mpya. Huu ni mchiriku uliokanyaga mafuta." Hapo utaeleza jinsi vijana wa Dar walivyochukua vinanda vidogo vya Casio, wakaviunga kwenye vipaza sauti vilivyochoka mpaka sauti ikakwaruza, na utalitaja kundi la Jagwa Music, ambalo kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ililitolea albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012. Malizia kwa kusema kwamba wakati ule walikuwa wanapiga. Nani alikuwa anapiga, nini, usifafanue. Kitenzi "walikuwa wanapiga" kimewalisha wachambuzi wengi wa muziki na bado kina nyama.

Ukitaka kuwa mwana wa mapinduzi, chukua upande wa uswahilini. Lalamika kwamba Mzungu ameisikia Mburahati kabla ya Masaki. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, na mimi mwenyewe huwa linanikera nikilifikiria sana, kwa hiyo silifikirii sana. Lina uzuri mmoja: halikudai uwe umesikiliza chochote. Tena humfanya yule aliyesikiliza aonekane mshirika wa wakoloni.

Kuna na upande wa tatu, wa "hizi ni kelele". Waachie waliouanza. Msongamano ni mkubwa.

Hatua ya 5. Nukuu bila shahidi

MC wa singeli anachana kwa kasi ambayo hata mama yake humwomba arudie. Fursa iko hapo. Sema, "Umeisikia ile sehemu anayosema maisha ni kama foleni ya maji?" Hakuna atakayekubishia. Hakuna aliyeshika neno lolote. Mahakamani tungesema mlalamikaji hana ushahidi na mshtakiwa hana ushahidi, basi hukumu inakwenda kwa aliyevaa vizuri zaidi. Mtu akikukazia umwambie ni wimbo wa ngapi, mwambie ni ule unaokuja baada ya ule mrefu.

Hatua ya 6. Iba kwa bibi

Maoni yako yatakupitisha hapa kijijini. Ya kurudi nayo mjini lazima yawe bora zaidi, na bora hayatoki kwako. Yako barazani, yamekalia kigoda.

Mwaka juzi nilikuwa kwa bibi yangu, anapukuchua maharage kwenye ungo. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha pembeni ya mgomba akimsubiri abiria, na kwenye usukani amefunga kwa mpira wa tairi ile spika ndogo ya kuchomeka flashi. Ikaanza. Kuku wakatawanyika. Mimi nikavuta pumzi niianze hotuba yangu ya Mburahati, lakini nilikuwa navitazama vidole vya bibi, na nikaona jambo: maganda yalikuwa yanaanguka upesi kuliko mwanzo. Ngoma ilikuwa imemwingia mikononi naye hana habari.

Wimbo mmoja na nusu ulipopita akauliza, "Huyu mtoto anakimbizwa na nani?"

"Hakimbizwi, bibi. Ndio mtindo wao."

Akapepeta ungo mara mbili. "Anakimbizwa. Na anayemkimbiza hapumziki." Halafu akamwambia kijana azime, maana saa ya matangazo ya vifo redioni ilikuwa imefika.

Maneno hayo niliyabeba mpaka Dar kama mtu anavyobeba mkungu wa ndizi: kwa mikono miwili, bila kumwonjesha mtu njiani. Nikayatoa Sinza, kwenye sherehe ya rafiki, kidevu kimekaa kiganjani. "Singeli ni muziki wa mtu anayekimbizwa," nikasema, "na anayemkimbiza hapumziki." Dada mmoja aliomba nirudie ayaandike kwenye simu. Nikarudia polepole, na mara ya pili nikaongeza neno "kiuchumi". Bibi sikumtaja. Simu yake ni ya kitochi, habari hazitamfikia.

Hatua ya 7. Ukiombwa ucheze

Shika mgongo. Usieleze.

Hatua ya 8. Na hili ndilo onyo langu kubwa: usiisikilize

Nasema nikiwa na makovu. Krismasi iliyofuata, Shighatini hapo hapo, umeme ulikatika usiku na usingizi ukagoma. Simu ilikuwa na asilimia 30, hedifoni zinasikika sikio moja tu, la kushoto. Nikasema acha niiweke hii Sounds of Sisso ili kesho nipate mfano mmoja mpya. Mmoja tu.

Mwanzoni ilikuwa kama nilivyokuwa nikiwaambia watu: ngoma juu ya ngoma, mtu anamwaga magunia ya mahindi kwenye bati. Nikatabasamu, maana nilikuwa sahihi. Nje matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba. Ile kasi, ukikaa nayo gizani bila mtu wa kumwonyesha uso wa mchambuzi, kuna mahali inaacha kuwa kasi. Inatulia, kama feni inavyoonekana imesimama ikishazunguka sana. Na chini yake, huko ndani, kukawa na kinanda kidogo kinarudia sauti tatu au nne, kinyonge, kama mtoto anayeimba peke yake akiosha vyombo, hajui kwamba nyumba nzima inakimbia. Nikarudisha nyuma. Nikakitafuta tena. Nikarudisha tena. Asilimia 30 ikawa 4.

Asubuhi tukakaa kwenye chai. Bwana mmoja, yule mwenye swali lake la kila Desemba, akajifuta mdomo akaniuliza ninaionaje singeli. Nilikuwa na Mburahati, nilikuwa na 2017, nilikuwa na kuku anapita uani kama aliyeitwa. Nikafungua mdomo. "Kuna ile... kuna kinanda fulani," nikasema, "kwa chini kule," na nikakwama. Nikaanza kukipiga kwa vidole mezani. Nikakikosea. Nikaanza upya.

Yule bwana alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekula nauli ya kesi akafika mahakamani mikono mitupu. Akamgeukia mpwa wangu, aliyekuwa amefika usiku ule kutoka Arusha na ambaye hajawahi kuisikia albamu hiyo hata dakika moja, ila alikuwa amekaa nami kwa wiki nzima mwezi wa Juni.

"Na wewe, mjomba, unaionaje?"

Kijana akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati, akalitazama ziwa.

"Tuanzie Mburahati," akasema.