Kwenye Kompyuta Imepita

Malenga wamewasifu masultani, wakasifu mabibi, wakasifu hata tembo la mnazi. Ngazi iliyochorwa kwa kompyuta haijapata wa kuitungia. Hilo ni jambo la aibu, na aibu yenyewe ni kubwa zaidi Mbinga, mji uliokaa kwenye milima ya Umatengo, ambako anayetoka nyumbani kwake ama anapanda ama anateremka. Makala haya yanajaribu kulipa deni.

Kwanza isifiwe kwa wepesi wake. Mchoraji wa zamani alihangaika na penseli, rula na kifutio hadi usiku. Programu ya kuchorea ya AutoCAD iliyotoka mwaka 1982, kisha Revit mwaka 2000, zimemwondolea mateso hayo. Mchoraji anataja umbali wa sakafu hadi sakafu, mashine inahesabu stepu, inakata kona, inaweka reli ya kushikia na kuipaka rangi ya mninga ambao mwenye nyumba hataweza kuununua. Isifiwe pia kwa ukarimu: anayefungua Revit ya vipimo vya Kimarekani anakuta ngazi imeshamsubiri, stepu isiyozidi kimo cha inchi 7, pa kukanyagia inchi 11. Akifungua ya mita, anapewa milimita 190 kwa 250. Bibi wa Kimatengo mwenye mtungi kichwani hakuulizwa, lakini zawadi haikaguliwi.

Fadhila iliyo juu ya zote ni usahihi, na hapa inafaa msomaji akae vizuri.

François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17, alifundisha kwamba kimo cha stepu mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kinapaswa kulingana na hatua ya mtu. Siku hizi hesabu hiyo huwekwa kati ya sentimita 60 na 64. Blondel maskini aliridhika na makadirio. Kompyuta hairidhiki. Ipe ghorofa yenye mita 3 toka sakafu hadi sakafu, iambie igawe kwa stepu 18, nayo itajibu kuwa kila stepu ina kimo cha milimita 166.66666667. Desimali nane! Tarakimu ile ya mwisho inapima kitu kilicho kidogo kuliko atomi ya hidrojeni. Hakuna sultani wa Kilwa aliyewahi kupanda ngazi iliyopimwa hivyo. Pale Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, walijenga kwa mawe ya matumbawe ngazi ya kuteremkia pwani, na hawakujua hata atomi ni nini.

Usahihi huo unasafiri. Unachapwa steshenari kwenye karatasi ya A3, ukiwa umepunguzwa ili uenee. Unapanda basi, unafika saiti ukiwa umelowa kidogo, na unapokelewa na fundi ambaye tepu yake ilikatika sentimita mbili za mwanzo. Fundi si mjinga. Anajua milimita 166.66666667 haimo kwenye tepu ya mtu yeyote, basi anaweka sentimita 16 na nusu. Stepu 17 zinatoka safi. Ya 18 inabeba masalia yote: sentimita 19 na nusu. Baadaye sakafu ya chini inasawazishwa na kuwekwa vigae, inameza sentimita 4 za stepu ya kwanza, ambayo sasa imebaki na 12 na nusu. Kanuni za nyumba za Marekani, kule kule zilikotoka zile inchi 7, haziruhusu stepu za ngazi moja kupishana kwa zaidi ya milimita 10 hivi. Ngazi yetu imepishana sentimita 7.

Mwandishi wa makala haya anaijua stepu ya 18 kwa kidole gumba. Iko katika jengo la ofisi fulani ambalo halitatajwa, na kila anayekwenda kufuatilia karatasi yake huko hujikwaa hapo, mbele ya mlango wa mhusika, kiasi kwamba kila mwananchi huingia ameinama. Hapana, hili halichekeshi. Wazee wanapanda ngazi hiyo wakishika ukuta kwa sababu reli iliishia kwenye mchoro, na wakifika juu wanaambiwa mhusika hayupo.

Ukiuliza ngazi za namna hii hupitaje, utasimuliwa mazungumzo ya simu yaliyo maarufu kwenye saiti zote.

“Kaka, hii ngazi inagonga boriti. Mtu anapita ameinamisha kichwa.”

“Kwenye kompyuta imepita, kaka.”

Na kweli imepita. Kwenye kompyuta ardhi nayo ni bapa, mstari mmoja ulioandikwa 0.00. Ukienda Umatengo utaitafuta sifuri hiyo uchoke. Toka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuna mteremko wa zaidi ya mita 800, yaani si chini ya stepu 4,500 za milimita 175, kwa anayetaka kuzichora. Kiwanja kimoja tu kinaweza kuinuka mita 2 kutoka barabarani hadi mlangoni, na stepu za hapo katikati hazimo kwenye ramani, hazimo kwenye makadirio ya gharama, hazina mwenyewe. Fundi anazibuni jioni kwa tofali zilizobaki. Ufukweni ni vilevile: Ziwa Nyasa hupanda na kushuka miaka hata miaka, na liliwahi kuteremka kiasi kwamba, kati ya mwaka 1915 na 1935, mto Shire unaotoka humo ulikosa maji yake. Mchoro wa gati hauna amri ya kuliambia ziwa lisimame. Kwenye vijiji visivyo na gati, abiria wa MV Songea walikuwa wakiifuata meli kwa mitumbwi.

Wamatengo wenyewe wamelima miteremko hii kwa ngoro kwa zaidi ya karne moja. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, wanawake huzifukia kwa udongo, mashimo yanabaki katikati, mvua inatua humo na udongo haukimbii. Hayo yanapimwa kwa macho na jembe, mlimani penyewe.

Aliyechora ngazi hakufika mlimani. Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 inaiweka taaluma ya ubunifu majengo chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na wabunifu wengi waliosajiliwa wana ofisi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Basi ramani ile ile iliyouzwa mara kumi kwa WhatsApp hutafutiwa mhuri, mhuri hupatikana, na mwenye mhuri hajui kama nyumba iko mlimani au ndani ya maji. Anayetoa kibali huhesabu kurasa na mihuri. Ngazi hahesabu.

Mwaka huohuo wa 2010 ilipitishwa pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo ya umma yafikike na wote. Kompyuta imetii. Kwenye mchoro wa ofisi ile upo mteremko wa kiti mwendo, mita 7.2 kwa kimo cha sentimita 60, umepakwa rangi ya bluu na alama yake. Eneo hilo limemwagiwa zege zuri, bapa, na juu yake limejengwa paa la bati kwa ajili ya gari la mkuu wa ofisi.