Fadhila za Mraba Mweusi

Inatupasa, waungwana, kuwashukuru wahandisi wa kampuni ya Denso ya Japani, ambao mwaka 1994 walibuni msimbo wa QR ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, maana lau si hikima yao, hadhirina wa makongamano yetu wangalidumu katika ule ujahili wa kale wa kusoma ratiba iliyobandikwa mlangoni. Leo, alhamdulillahi, atakaye kujua saa ya chakula huinua simu yake, akafuta kioo, akakisogelea kibandiko na kurudi nyuma mfano wa mpiga picha wa harusi, kisha akangojea mtandao wa ukumbi, ambao neno lake la siri limehifadhiwa ndani ya msimbo wa pili. Na aliyeishiwa chaji amejaaliwa fursa adhimu ya kufunga saumu ya sunna. Na kwa kuwa mraba huo waweza kubeba hadi tarakimu 7,089, ni taadhima iliyoje kwa pilau kutangazwa humo!

Msemaji naye, aonyeshaye msimbo wa hotuba yake mwishoni kwa muda wa kufumba na kufumbua, tusimdhanie vibaya: anatukinga na israfu ya elimu.

Ila waandalizi twawasihi wasituache nusu ya safari, kwani milango ya msalani ingali imeandikwa “Wanawake” na “Wanaume”, kwa herufi ambazo hata asiye na simu huzisoma.