Sheria Iko Njiani

Tarehe 11 Agosti 2011 Rais Joseph Kabila alitia sahihi sheria ya kuipanga Polisi ya Taifa ya Kongo. Toka Kinshasa mpaka Salamabila, huku kwetu Maniema, ni mbali, na barabara ya Kasongo mnaijua: labda sheria ingali inasukuma pikipiki yake topeni. Au imesimamishwa kwenye barieri, imeombwa pesa ya sigara, na mfukoni haina hata faranga. Pale mgodini Namoya, jirani na Salamabila, dhahabu hutoka ardhini kila siku. Mshahara wa polisi ndio hukawia. Basi mchimbaji akipita na kiroba, askari hufuata kifungu cha 15, kile ambacho kila Mkongomani anakijua bila kufungua katiba: jitafutie. Risiti hatoi, na tumwelewe. Rushwa yenye risiti ingeitwa kodi, na kodi ina wenyewe huko Kindu, makao makuu ya mkoa.